Bendera za Rue Mosnier

Usiku huu nimekaa na mchoro wa Édouard Manet, ule wa Rue Mosnier, mtaa wa Paris, uliopambwa bendera. Makumbusho ya Getty ya Los Angeles, yanayoumiliki, yameuweka mtandaoni bure, na picha ni safi kiasi kwamba ukiikuza unaona hadi brashi ilipopita.

Ilikuwa tarehe 30 Juni 1878. Serikali ilitangaza sikukuu ya amani, mwaka wa Maonyesho ya Dunia, na Paris ikatundika bendera kila dirisha. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Ufaransa ishindwe vita na Prussia, na tangu damu ya wanamapinduzi wa Komyuni, utawala wa waasi wa Paris, imwagike katika mitaa ya jiji hilohilo. Siku hiyo mchoraji mwenzake Manet, Claude Monet, alichora mtaa mwingine, Rue Montorgueil: watu wamefurika, bendera zinapepea juu yao, hata kelele unazisikia. Naupenda sana. Manet yeye alitazama mtaa uliopita chini ya dirisha la studio yake, mtaa mpya, mweupe kwa jua, karibu mtupu.

Mbele, kushoto, anapita mwanamume wa magongo. Mguu mmoja hana. Amevaa vazi la bluu la vibarua, ametugeuzia mgongo, anapanda na mtaa pole pole. Kando yake kuna uzio, na nyuma ya uzio kifusi. Wengi humwona kuwa majeruhi wa vita, nami naona hivyohivyo. Manet mwenyewe alishika silaha katika kikosi cha ulinzi Paris ilipozingirwa.

Bendera ni mipigo michache ya bluu, nyeupe na nyekundu, imepakwa upesi upesi. Lakini kinachonishika ni ile barabara. Ameiacha wazi, rangi ya maziwa yenye vivuli hafifu, ikichukua sehemu kubwa ya turubai. Mwenye magongo hapo haombi chochote, wala hakuna anayemwangalia. Ana safari yake tu. Mchoraji mwingine angempa uso wa huzuni ili tulie naye. Manet kamwachia heshima yake, na mimi nashukuru kwa hilo.

Kesho nataka kuutazama ule mwingine wa mtaa huohuo, wenye mafundi wanaopanga mawe ya barabara. Huo nao Manet aliuchora mwaka huohuo.