Mafuta hayakuwa dawa: nilivyookoa shingo ya besi yangu kwenye hewa kavu

Nilishtuka nilipoona damu kwenye uzi wa G wa gitaa langu la besi. Ilikuwa tone tu, lakini sikukumbuka kujikata popote. Nilikuwa nimetelezesha mkono shingoni kutoka freti ya pili hadi ya tisa, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, jambo ninalolifanya kila siku bila kufikiri, na kwenye shina la kidole cha shahada pakabaki mkwaruzo kama wa paka. Nikapitisha ukucha polepole pembeni mwa shingo. Tk, tk, tk. Kila freti ilikuwa imechomoza ncha nje ya ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unaobonyezewa nyuzi. Shingo iliyokuwa laini kama mpini wa jembe la miaka mingi ilikuwa imegeuka msumeno.

Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimehamia eneo kavu. Midomo ilipasuka, nguo zilikauka kabla sijamaliza kuanika, na mlango wa kabati uliokuwa ukikwama tangu nimelinunua ukaanza kufunguka wenyewe. Ule mlango ulikuwa unaniambia kila kitu, ila sikuwa na masikio. Mimi niliamini kuwa freti zimehama mahali pake.

Freti ni za chuma, haziendi popote. Kilichohama ni mbao. Mbao huvuta na kutoa unyevu wa hewa maisha yake yote, hata kama mti ulikatwa zamani za mababu. Ikikauka hunywea kwa upana, kukatiza nyuzinyuzi zake, lakini kwa urefu hubadilika kidogo mno. Basi ubao wa vidole unapungua upana kwa sehemu ndogo ya milimita, freti zinabaki na urefu ule ule, na ncha zinakusubiri pembeni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mafuta. Ubao wangu ni wa rozwudi, mbao ya kahawia, isiyopakwa vanishi, na ulikuwa umepauka kama miguu isiyopakwa mafuta. Nikafanya kile ambacho ningeifanyia miguu: nikaenda jikoni, nikachukua mafuta ya kupikia, nikapaka. Siku ile uling'aa nikajipongeza. Baada ya wiki mbili ulikuwa unanata na kutoa harufu ya kikaango kilicholala bila kuoshwa, maana mafuta ya kupikia huchacha. Nikayafuta, nikanunua yale ya magitaa yanayoitwa mafuta ya limau, ambayo mengi ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu. Haya hayachachi, na rangi ilirudi vizuri. Ncha za freti zilikuwa palepale.

Nikapeleka besi kwa fundi. Huyu alishika tupa kabla hatujamaliza salamu. "Kaka, hizi tunazikata sasa hivi, nusu saa tu." Sijui nini kilinizuia, labda ni ile haraka yake. Nikaenda kwa mwingine, mzee mtaratibu, ambaye aliishika besi, akaikagua kutoka upande wa kichwa kwa jicho moja, akaniuliza swali moja tu.

"Usiku unailaza wapi?"

"Kwenye stendi, mzee. Karibu na dirisha."

Akacheka. "Irudishe kwenye boksi lake, kijana wangu, uitilie unyevu humo. Ukimaliza mwezi, njoo tuzungumze habari ya tupa."

Alinieleza kwamba ukizikata freti wakati mbao imenywea, ubao ukishakunywa tena na kutanuka, freti zinaishia kabla ya ukingo, na uzi wa G, ulio pembeni kabisa, unapata mahali pa kuteleza nje. Kuhusu mafuta alisema yanasafisha, yanapendezesha, na yanachelewesha kidogo ukavu. Maji yaliyotoka ndani ya mbao hayarudishi. Hayo yanarudi kwa hewa tu.

Nikanunua kipima unyevu kidogo cha bei rahisi. Vipimo vya aina hii husema uongo mara nyingi, kwa hiyo kabla ya kukiamini nilikipima chenyewe kwa chumvi. Unatia chumvi ya kawaida kwenye kizibo cha chupa, unaongeza matone ya maji mpaka iwe tope zito, isiyeyuke yote. Unaweka kizibo pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu, unauziba vizuri na kuuacha siku nzima, usiku na mchana. Chumvi iliyolowa namna hiyo huishikilia hewa ya mfukoni kwenye unyevu wa asilimia 75. Changu kilisoma 69, nikaandika kwa kalamu nyuma yake: ongeza 6. Nilipokiweka karibu na dirisha, pale penye stendi, kilisoma 19. Maana yake 25. Magitaa mengi hustarehe kati ya asilimia 45 na 55, na yangu ilikuwa imekaa miezi minne kwenye nusu ya hapo.

Kitilia unyevu nilikiunda kwa kisahani cha sabuni chenye kifuniko. Nilikitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, nikaweka ndani kipande cha sponji kilicholowekwa kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke kisha kukamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone. Kisahani kimoja kikakaa chini ya kichwa cha gitaa, kingine karibu na kiwiliwili, kipimo katikati. Siku ya tatu boksi lilisoma 38 baada ya kuongeza ile sita yangu, siku ya kumi 47. Nilitamani kuharakisha, hata nikafikiria kuizungushia shingo taulo bichi. Nashukuru uvivu uliniokoa, kwa sababu mbao inayonyweshwa kwa pupa hupinda au hupasuka. Siku hizi natumia pakiti zinazotoa unyevu hewa ikikauka na kuuvuta ukizidi, zilizopangwa kwa asilimia 49. Hazinipi kazi kubwa, ila kwenye ukavu mkali huisha haraka. Ukiona imekuwa ngumu kama biskuti, hiyo imekufa.

Sasa kuhusu fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, wanayoiita trasi rodi, ambapo niliharibu tena. Nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa pamoja kwa nguvu inayozidi kilo 70, na fimbo ipo ili kukabiliana na mvuto huo. Si kitu kipya: watengenezaji wa magitaa Gibson walipata hataza yake mwaka 1923, na besi ya kampuni ya Fender ya mwaka 1951 ilikuwa nayo tangu mwanzo. (Ule mstari wa mbao nyeusi mgongoni mwa shingo nyingi za Fender si urembo. Fimbo iliingizwa kwa nyuma, na mstari ndio kizibo.) Wakati wa ukavu shingo yangu ilikuwa imenyooka kupita kiasi, nyuzi zikashuka na kuanza kulia zzz kwenye freti tatu za mwanzo. Kwa hamaki nilikuwa nimeilegeza fimbo nusu mzunguko. Kwa hiyo unyevu uliporudi, shingo ikainama mbele kama upinde, na nyuzi zikapanda juu ya freti za katikati hadi vidole vikachoka.

Safari hii nilipima. Nilibana uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa klipu, nikaubonyeza kwenye freti ya mwisho kwa kiwiko, namna fulani ya kujikunja ambayo sitaki mtu anipige picha, kisha nikaingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya uzi na freti ya nane. Ilikuwa milimita 0.7. Nilitaka karibu na 0.3, ambayo kama huna fila geji ni takriban unene wa kadi ya biashara. Kukaza, yaani kuzungusha kwa mwendo wa saa, huinyoosha shingo. Kulegeza huiachia ifuate nyuzi. Nilikaza robo mzunguko, nikatyuni, nikaiacha ilale. Kesho yake robo nyingine. Asubuhi ya tatu nikapata 0.35, nikaweka ufunguo chini. Nati ya fimbo ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Mpelekee fundi, kwani fimbo ikikatika ndani, hiyo ni kazi ya kufumua shingo.

Mwezi ulipotimia nilipitisha ukucha tena. Kati ya freti 20, sita tu ndizo zilizonigusa. Yule mzee alinionyesha, nami nikamalizia mwenyewe: utepe wa karatasi kwenye mbao pande zote mbili za freti, tupa ndogo laini iliyoinamishwa kuelekea katikati ya ubao, misukumo miwili mitatu, kisha kuzungusha zile kona mbili zinazobaki kali kama sindano. Kabla ya kung'arisha kwa pamba ya chuma nilifunika pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, kwa utepe, maana sumaku zake hukusanya ule unga na hautoki tena.

Besi yangu ya pili ina ubao wa mepo, ile mbao nyeupe, uliopakwa vanishi. Huo haupakwi mafuta kabisa, hayana pa kupita; naufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Lakini vanishi haikuuokoa na ukavu. Freti zilipochomoza ziliisukuma kwa ndani, na sasa kuna nyufa nyembamba kama unywele pembeni mwa freti tano. Hizo sijazigusa.

Rozwudi naipaka mafuta mara mbili kwa mwaka, ninapobadilisha nyuzi: matone machache, dakika tano, kisha nafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu. Wapo wanaopenda mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Ukiyatumia, anika vitambaa nje vikiwa vimetandazwa, kwa sababu vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.

Mwezi uliopita tulikuwa na mazoezi mfululizo, nikaiacha besi kwenye stendi wiki nzima. Freti ya 12 ikaanza kunigusa kidole tena. Nimeirudisha kwenye boksi, kipimo kinasoma 46. Mlango wa kabati bado unafunguka wenyewe. Huo nimeuwekea karatasi iliyokunjwa.