Ulimbwende, Kituo cha Paradies

Nilipomwambia mjomba kwamba nakwenda kwenye semina ya ulimbwende, alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama Wajerumani nao wana mashindano ya urembo. Sikumlaumu. Magazeti yetu ya Dar es Salaam yamemfanya mlimbwende awe binti mwenye taji na mkanda begani. Ni sisi wa madarasa ya fasihi tu tunaoliazima neno hilo kuwaita washairi na wanafalsafa wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 18, wale Wajerumani wanaowaita Romantiker.

“Mjomba, hawa ni walimbwende wa vitabu.”

“Haya. Utanieleza nani kashinda.”

Wakati huo nilikuwa nasoma Bayreuth, Ujerumani. Treni hadi Lichtenfels, unabadilisha, unapanda ya kwenda kaskazini, umefika Jena, mji wa semina. Ya kwanza ikachelewa, ya pili haikunisubiri, nami nikakaa saa nzima kwenye baridi ya Novemba nikitafuna chapati niliyoifunga asubuhi. Mbele ya hapo reli inapanda milima ya misonobari. Baina ya Ludwigsstadt na Probstzella tulipita palipokuwa mpaka wa Ujerumani mbili; hakuna aliyeinua macho kwenye simu yake. Likafuata bonde la mto Saale, na sauti ndani ya behewa ikatangaza kituo: Jena Paradies. Yaani Peponi. Ni jina la bustani ya kando ya mto, lakini nilishuka nikicheka peke yangu. Sikujua kwamba huko huingiwa kwa tiketi ya daraja la pili.

Nyumba ya walimbwende niliyoitaka haipo. Ilikuwa mtaa wa Leutragasse, alimoishi mhakiki na mfasiri August Wilhelm Schlegel na mkewe Caroline, na vita vya 1945 viliifuta. Mwishoni mwa 1799 walijibana humo mdogo wake mume, Friedrich, pamoja na mpenzi wake, Dorothea Veit. Schelling, profesa wa falsafa wa miaka 24, alikuwa mtu wa meza hiyo, na mwandishi Ludwig Tieck naye akawa mjini na familia yake. Novalis alikuja akitokea kwenye viwanda vya chumvi: mshairi wa ua la buluu, alama ya matamanio ya walimbwende, alisomea madini Freiberg, mshahara wake ukatoka kwenye chumvi! Mwanafizikia Johann Wilhelm Ritter alikuwa wa kundi hilohilo, na mwaka 1801, hapohapo Jena, akagundua miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho.

Nilipoingia kwenye semina ya chuo kikuu nikawakuta watu wa fasihi, historia, sosholojia, teolojia na sanaa kwenye meza moja, wakikatizana, niliona desturi ya nyumba ile haikufa na kuta zake. Mradi wao ulianza 2015, ukiitwa Modell Romantik. Hawakusumbuka sana na ulimbwende ulianza lini na kwisha lini. Walikuwa wanauliza kwa nini watu wa leo bado wanautazama ulimwengu kwa macho yale: msitu, taifa, dini, hata matangazo ya biashara.

Na tangazo ndilo lililonitoa kimya. Kijana wa sosholojia alionyesha picha ya kuuza safari: jua linazama, mti mmoja, nyasi mpaka mwisho wa macho. Akaanza kueleza upweke wa mwanadamu mbele ya maumbile. Mimi nilikuwa natazama mti. Ule ni mgunga, nikasema, na hapo hapakuwa na upweke wowote. Nikawaeleza kwamba Serengeti ilitangazwa hifadhi mwaka 1951, na kufikia 1959 Wamasai walikuwa wamehamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo ikatoka filamu kuhusu Serengeti ya Mjerumani mwenzao, mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek, aliyeamini kwamba hifadhi haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji. Mwaka 1960 ikapata Oscar. Pori tupu lile lilitengenezwa, na tangazo linaliuza kana kwamba limeumbwa hivyo.

Chumba kilitulia. Mama mmoja wa teolojia, mwenye miwani ya kamba, akasema: “Ni Edeni ambayo Adamu amefukuzwa kabla hajala tunda.” Mwanahistoria hakukubali. Kwake yeye, Novalis alijua kwamba anaupamba ulimwengu wa kawaida, na walimbwende wa Jena waliweza kuicheka njozi yao wenyewe. Mwenye tangazo hacheki. Nilikubali nusu. Mfugaji aliyehamishwa haulizi kama aliyemhamisha alikuwa na kejeli ya kifalsafa.

Jioni tulikula soseji za Thuringia (mimi viazi tu), na mazungumzo yakahamia kwa Shakespeare. Schlegel alitoa tafsiri 16 za tamthilia zake baina ya 1797 na 1801, zikiwemo zile mbili ambazo Mwalimu Nyerere alikuja kuzileta kwa Kiswahili, ya Kaizari mwaka 1963 na ya Venisi 1969. Wote wawili walishikilia mapigo ya mistari, si maana pekee. Wenyeji wangu hawakuwa wamewahi kusikia kwamba rais alifanya kazi hiyo. Wao wakanipa la kwao: sehemu ya tafsiri zile Caroline alizifanyia kazi pamoja na mumewe, na jina lake halikuandikwa.

Kurudi, mjomba alinipigia tukiwa karibu na Saalfeld.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Ehe, taji kavaa nani?”

“Caroline.”

Akauliza anatoka mkoa gani.