Mafuta kwenye maji tunayokunywa

Jana asubuhi nimeenda mwaloni Kirumba, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, kununua dagaa, nikakuta maji ya pembeni yana utando wa mafuta unang'aa rangi rangi, na mama mmoja anasuuza ndoo humo humo. Roho iliniuma jamani. Nikakumbuka Morisi (Mauritius) 2020, ile meli Wakashio ilivyokwama kwenye matumbawe ikamwaga tani kama 1,000, wananchi wenyewe wakashona vizuizi vya majani ya miwa na nywele wayazuie mafuta yasifike ufukweni. Wale wana bahari kubwa, sisi mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Naili pale Jinja, Uganda, kwa hiyo uchafu hauondoki haraka, na maji haya haya ndo tunakunywa mjini! Sasa ikimwagika dizeli ya meli hapa, nani ana hivyo vizuizi, na viko wapi? Mi nataka tuambiwe mapema.