Siku moja na x

Saa 12:30 asubuhi. Nimebakiza rundo la madaftari ya jana. La juu kabisa lina 3x = 12, na chini yake mwanafunzi ameandika x = 9. Hakubahatisha. Ameivusha 3, akabadili alama, akatoa: 12 − 3. Wimbo wa "vusha, badili alama" ndio uliompoteza, kwa sababu 3x ni 3 mara x, si 3 kujumlisha x. Kufikia daftari la mwisho kosa hilohilo nimelikuta mara kumi na moja. Sitaki tena kuusikia wimbo huo darasani kwangu.

Saa 2:00. Kipindi cha kwanza. Naandika ubaoni 9 + 6 = □ + 4. Sauti zinapaa: "Kumi na tano!" Kwao alama ya = inasema "jibu linafuata." Nawasimulia kuhusu mwanahisabati Robert Recorde, aliyeichapisha alama hiyo mwaka 1557: alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Kimya. Kisha msichana wa dawati la nyuma: "Kumi na moja, mwalimu. Ndiyo pande zitoshane."

Saa 3:20. Nachora mizani. Kwa x + 7 = 12, tunaondoa 7 kushoto na 7 kulia. Kwa x ÷ 4 = 6, tunazidisha kwa 4 pande zote mbili, x ni 24. Wanalalamika kwamba kuandika pande zote ni kazi ndefu. Ni ndefu kweli, na bado nawataka waandike.

Saa 6:10. Namwita mwenye x = 9.

"Isome."

"Tatu eksi."

"Maana yake?"

Anafikiri. "Eksi ziko tatu."

Nampa njiti 12. Anachora visanduku vitatu, anagawa njiti moja moja mpaka zinaisha. Nne, nne, nne.

"Kumbe nagawanya kwa tatu!"

"Sasa rudisha ile 9 mahali pa x."

Tatu mara tisa, ishirini na saba. Anachukua kifutio bila kuambiwa.

Saa 9:00. Kikao.

Saa 11:00 jioni. Natunga maswali ya kesho. Matano ya kawaida, la sita 20 = x + 13. Najua wapo watakaoniomba niigeuze kwanza ili x ikae kushoto. Sitaigeuza.