Kiti cha kukunja

Jana nimekaa uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, saa nne nzima na kibegi changu, nikisubiri nafasi ya kwenda Mombasa kwa tiketi ya wafanyakazi. Watu hudhani rubani akitaka kusafiri anaingia tu ndegeni. Wapi! Tiketi zetu ni za kusubiri. Abiria aliyelipa nauli kamili akitokea dakika ya mwisho, wewe unarudi kwenye benchi.

Ndege ikajaa. Kilichonikera ni kile kiti cha kukunja nyuma ya kapteni, wenyewe tunakiita jampsiti. Kilikuwa kitupu, na aliyekuwa zamu ni jamaa tuliyejifunza naye kuruka pale Wilson. Lakini kampuni zetu hazina mapatano ya kubebeana marubani, basi akanipungia mkono tu, kikapaa kitupu.

Marekani wana mapatano hayo tele. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 milango ya chumba cha marubani ilifungwa kabisa kwa rubani wa kampuni nyingine, halafu ukaja mfumo wa kompyuta unaoitwa CASS: wahudumu wa langoni wanaangalia kama kweli bado umeajiriwa na kama sura ni yako. Hata ukipita hapo, neno la mwisho ni la kapteni. Unaenda mwenyewe, unajitambulisha, unaomba. (Hiyo adabu naipenda.)

Nikampigia Mama asiningoje na samaki wake wa kupaka.

“Kwani si wewe ndiye mwenye ndege?”

Saa hii niko Syokimau, foleni ya treni ya SGR. Nimelipa kama kila mtu.