Siku moja nyuma ya kaunta ya spea, Nyakato, Mwanza

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua duka. Mzee wa oili, jirani yangu, ananisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" nami namrudishia hiyohiyo. Daladala za Igoma zimeshaanza makelele.

Saa 2. Fundi anataka beringi ya gurudumu la nyuma, "ya IST." Toyota IST ipi? Nampigisha simu kwa mwenye gari atume picha ya kadi. Namba ya chesesi inaanza na NCP65, ile inayovuta magurudumu yote manne, kwa hiyo shafti inapita katikati ya habu ya nyuma. Ya NCP61 haina habari hiyo. Angebeba ya kukisia angerudi saa 5 akiwa mweusi kwa grisi, na lawama ingekuwa yangu.

Saa 4. Baba mmoja anatua betri juu ya kaunta, puu! "Dada, mmeniuzia kimeo." Kadi ya waranti ni ya miezi 6, yeye ana miezi 2. Sibishani. Tunafunga betri ya duka, tunawasha gari lake, nabana mita: volti 12.2. Injini ikiunguruma ilipaswa kusoma kama 13.8 hadi 14.4. Alternata haichaji, betri imekufa njaa. Waranti yetu ni ya kasoro ya kiwandani, na hapa kiwanda hakina kosa. Nampa kijana akaichaji tuone kama itashika. Baba ananyamaza, kisha: "Alternata bei gani?"

(Juu ya kichwa changu bosi amebandika "Mali ikiuzwa hairudishwi." Chini yake mimi naandika kadi za waranti. Nimeshamwambia.)

Saa 7. Ugali na sato. Basi.

Saa 9 anaingia kaka mwenye pikapu aliyoinunua mpya, mwaka wa pili, kilomita 38,000. Sili ya nyuma ya injini inavujisha oili na fundi wa mtaani yuko tayari kushusha gia boksi. Anataka sili tu. Ninayo, nakataa kumuuzia. "Kaka, kitabu cha waranti unacho?" Kiko kwenye droo ya gari, hakijawahi kufunguliwa. Tunasoma pamoja: miaka 3 au kilomita 100,000, kimoja kikitangulia. Injini, gia boksi na difu vimo. Pedi za breki, diski ya klachi, wipa na balbu ni mzigo wake, maana hivyo huisha kwa kutumika. Fundi wa mtaani akishashusha gia boksi, wakala aliyeuza gari ana sababu ya kusema uharibifu ni wa fundi huyo.

Tatizo moja: sevisi ya kilomita 30,000 aliifanyia uchochoroni, si kwa wakala, hivyo atahitaji ushahidi. Risiti ya oili na filta anayo, ila imebaki karatasi nyeupe. Risiti za mashine hufifia kwa joto, na yake ilikaa juu ya dashibodi. Ipigeni picha siku hiyohiyo, jamani. Kwa bahati alinunua kwangu. Nafukua daftari la mauzo hadi naipata: tarehe, filta, lita, namba ya gari. Anapiga picha ukurasa mzima na kuondoka kwenda kwa wakala.

Saa 12 jioni bosi anapitia hesabu. "Ile sili ya pikapu?"

"Ipo rafuni."

Ananitazama, anafunga daftari.