Jino la mwisho

Jana mwanangu aling'oka jino. Kabla hajalirusha juu ya bati aliniletea kiganjani akauliza, "Mama, lingine litaota?" Litaota, nikamwambia. Akamtazama gorong'ondwa aliyekuwa akiota jua kwenye mwembe, kichwa buluu tupu. "Na yeye je?"

Sikumjibu upesi. Kwa mawazo nilikuwa nimesharudi Napak, mlima wa Karamoja, Uganda, tulikotafuta visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Wenzangu wa siku zile mnaijua kambi yetu kule karibu na Iriiri: vumbi, posho na maharage, Kiswahili cha Karamoja kilichotuunganisha sote. Mlima ule ni volkano iliyozimika zamani, na majivu yake yamehifadhi viumbe wa miaka milioni 20 hivi iliyopita. Asubuhi tulichekecha udongo, jioni tulichambua kilichobaki. Konokono wa mawe walikuwa wengi mno. Siku hiyo, katikati yao, nikaona kipande cha taya kifupi kuliko ukucha wangu, kina meno manne.

Mzee wetu wa kambi alinipa lenzi yake. "Kigeuze, binti. Tazama upande wa ndani kwanza."

Nilitazama. Mjusi kafiri wa ukutani meno yake huegemea ubavu wa ndani wa taya, hung'oka na kuota mengine maisha yake yote. Haya yalikuwa yamekaa juu kabisa ya ukingo, yameshikamana na mfupa hata mpaka wa jino na taya hauonekani. Gorong'ondwa, nikasema. Moyo ulinidunda.

"Au kinyonga," akasema Mzee. "Naye yako hivyo hivyo."

Ndipo akanisimulia habari za tuatara, mtambaazi wa New Zealand anayefanana na mjusi. Mwaka 1831 mtaalamu wa wanyama John Edward Gray, pale London, alipata fuvu lake akamweka katika jamaa ya gorong'ondwa. Meno yalikuwa juu ya ukingo, basi. Mpaka 1867 ndipo mtaalamu mwingine, Albert Günther, alipoonyesha kuwa huyo si mjusi kamwe, bali ni wa ukoo mwingine wa kale, mwenye safu mbili za meno juu na safu moja ya chini inayoingia katikati yake. "Gray alikuwa na fuvu, mwanangu. Wewe una meno manne."

Ncha ya mbele ya taya haikuwapo, na huko ndiko gorong'ondwa huwa na meno machache ya namna nyingine, yanayobadilika. Tukabaki na nyuma. Meno ya nyuma ndiyo machanga, maana taya ikirefuka mapya huongezeka huko, na yale ya mbele husagika kwa kutafuna mpaka hayana sura. Matatu yangu yalikuwa visiki vya mviringo. La nne, la mwisho, lilikuwa limefunikwa na chembe ya majivu magumu.

Nilichukua sindano. Mzee alikuwa ameinama kujaza taa mafuta. Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa, na chembe ile ilivyokuwa ikilegea, nikaona chini yake kitu chembamba kinachong'aa, kahawia kama chai ya rangi. Niliona mabega ya jino? Nilidhani nimeona nundu ndogo kila upande wa ncha, kama jino la kinyonga. Nikakandamiza kidogo tu ili nione vizuri. Likalia tk, dogo kuliko sauti ya kucha.

Tulipapasa turubai usiku kucha kwa tochi. Hatukulipata. Mzee hakunigombeza hata neno moja. Alifungua kiberiti kitupu, akatandika pamba, akanipa kalamu niandike mwenyewe.

Sikuandika kinyonga. Niliandika: taya ya mtambaazi mdogo, meno juu ya ukingo, jenasi haijulikani. Nundu zile sikuzitaja, na mpaka leo sijui kama nilifanya haki, kwa sababu hakuna mwingine aliyeziona.

"Mama! Na yeye litaota?"

"La kwake la nyuma halioti," nikamwambia. Akalishika jino lake, akaghairi kulirusha, akaniomba kiberiti.